Kufomati Si Dawa: Sauti ya Laptopu Haijafa, Imepotea Njia

Leo nina hasira, na wewe msomaji wangu wa siku nyingi unajua nikiwa na hasira huwa naandika marefu. Jimiminie chai, kaa, tusemezane.

Kisa chenyewe kimetokea hapa hapa Ziwani, mlango wa tatu kutoka kwangu. Jirani yangu ni dada anayefanya kazi ya kunukuu sauti mtandaoni. Anatumiwa rekodi ya mahojiano au ya mkutano, anasikiliza, anaandika neno kwa neno, analipwa kwa dakika za rekodi. Ni kazi inayolipia kodi ya nyumba za vijana wengi hapa Nairobi. Hata serikali ilipoanzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, kunukuu sauti ilikuwa miongoni mwa kazi ambazo vijana walihimizwa wajifunze. Kwa mtu wa kazi hiyo, laptopu isiyo na sauti ni kama cherehani isiyo na sindano. Inawaka vizuri, lakini nguo haitoki.

Asubuhi moja laptopu yake ikanyamaza. Akaizima, akaiwasha. Kimya. Akapandisha sauti hadi 100. Kimya. Kazi ilikuwa ya kuwasilishwa jioni hiyo, kwa hivyo akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Aliitia mashine mkobani pamoja na chaja na zile hedifoni zake zisizo na waya, akaenda kwa fundi mjini.

Fundi akabonyeza kitufe cha sauti mara mbili, akafungua video moja, akatikisa kichwa. "Madam, hii ni Windows imeharibika. Tufomati. Ikikataa, basi ni kadi ya sauti imekufa." Shilingi 2,000. Akanakili vitu vilivyokuwa kwenye uso wa skrini, akafuta kila kitu, akaweka Windows upya. Baada ya saa mbili na ushee, spika zikaimba! Dada akashukuru, akalipa, akarudi nyumbani.

Nyumbani ndipo alipogundua alichokilipia.

Folda ya vitu vilivyopakuliwa, ambamo rekodi zilikuwa zimeshanukuliwa nusu, haikuwepo. Na kubwa zaidi, orodha yake ya vifupisho ilikuwa imepotea. Wanaonukuu wananielewa. Unaifundisha Word kwamba ukiandika herufi mbili tatu, yenyewe iandike neno zima au sentensi nzima. Ndiyo huduma ile ya AutoCorrect. Dada huyu alikuwa amejenga orodha yake kwa miaka mitatu, kifupisho kimoja kimoja, na ndiyo iliyomfanya aandike haraka kuliko wenzake. Word huiweka orodha hiyo ndani ya folda iliyofichwa, mbali kabisa na uso wa skrini. Fundi hakujua, dada hakujua, na diski haikuuliza. Kazi ya jioni ile ilichelewa, na mteja akampa mtu mwingine.

Ngoja, hasira yangu haijafika kileleni.

Wiki moja baadaye nikasikia hodi. "Jirani, uko? Ile shida imerudi. Hebu niangalizie kabla sijaenda kufomati tena."

Nikafungua laptopu, nikabofya ile alama ya spika kule chini kulia karibu na saa, nikasoma jina la kifaa ambacho sauti ilikuwa inatumwa. Lilikuwa jina la hedifoni zake. Nikamuuliza ziko wapi. "Ziko kwa mkoba." Nikauinamia mkoba uliokuwa juu ya kochi, na ndani yake nikasikia kitu kama mbu. Alikuwa mwanamume anajibu maswali. Mahojiano yake yote yalikuwa yanachezwa mle ndani, kati ya kitambaa na chaja!

Hedifoni hazikuwa zimezimwa. Zilikuwa mkobani, zina chaji, zimeunganishwa, na laptopu ilikuwa inafanya kazi yake kwa utiifu kabisa. Siku ile ya kwanza mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mkoba ulikuwa miguuni pake pale kwa fundi, na video ya fundi ilikuwa inaimba humo ndani wakati yeye anatangaza msiba.

Tulitazamana. Hakuna aliyecheka.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye hoja yangu. Kufomati KULIFANYA KAZI. Fundi hakudanganya aliposema itapona. Windows mpya haizijui hedifoni za zamani, kwa hivyo sauti ilirudi kwenye spika. Alifuta miaka mitatu ya kazi ya mtu ili kuzifanya hedifoni zisahaulike, jambo ambalo lingefanyika kwa kuzima Bluetooth kwa sekunde mbili. Huku ni kuchoma nyumba kwa sababu ya kunguni. Kunguni watakufa kweli, huwezi kubisha. Lakini utalala wapi?

Na kwa kuwa ilipona, hakuna aliyejifunza chochote. Fundi ameongeza ushahidi kichwani mwake kwamba kufomati hutibu sauti. Mteja naye ameamini Windows yake ilikuwa mbovu. Kesho shida ikirudi, wote wawili watarudia dawa ile ile.

Mpeleke huyo fundi wetu kule Barabara ya Kirinyaga, Grogan ya zamani, akakae na mafundi wa magari kwa siku moja. Fundi wa Grogan akiletewa gari lililonyamaza redio, hasemi tung'oe injini. Kwanza anauliza: ilinyamaza lini, ulikuwa unafanya nini, umegusa nini? Halafu anaangalia fyuzi. Anaanza na kisicho na gharama, anamaliza na chenye gharama. Kwa nini fundi wa kompyuta aanze na kinachofuta kila kitu?

Ili nisiwe mtu wa lawama tupu, hebu niwaeleze sauti husafiri vipi ndani ya mashine.

Sauti ni abiria. Inapanda kwenye programu, tuseme kivinjari chako. Inafika kituo cha kuchanganyia, ambapo sauti za programu zote hukutana. Kisha mfumo unaipeleka kwenye kifaa kilichochaguliwa: spika za ndani, hedifoni za waya, runinga, au hedifoni za Bluetooth. Kama ni spika au waya, inapitia draiva, yaani ile programu ndogo inayozungumza na chipu ya sauti, halafu chipu, kisha kikuza sauti, mwisho spika. Kama ni Bluetooth, inashika njia nyingine kabisa: inabanwa iwe ndogo, inarushwa kwa redio, inafunguliwa ndani ya hedifoni. Barabara hizi mbili huachana mapema. Katika kila kituo kuna makanga anayeweza kumshusha abiria bila kumwambia mtu yeyote.

Kwa hivyo laptopu ikinyamaza, swali la kwanza ni "abiria ameshukia wapi?" Swali la "nini kimekufa?" linakuja mwisho. Kulijibu lile la kwanza huhitaji kufuta hata faili moja. Fuata mpangilio huu, na usiruke:

1. Uliza sauti inakwenda wapi. Bofya alama ya spika karibu na saa, kisha kishale kilicho pembeni, usome jina. Kama uliunganisha laptopu na runinga jana kwa waya wa HDMI, huenda bado inaielekezea runinga. Kama una hedifoni zisizo na waya, ZIMA Bluetooth ya laptopu kwa dakika moja. Spika zikiimba, umemaliza. Hifadhi pesa yako, kanunue mandazi.

2. Angalia programu moja moja. Tangu Windows Vista ilipofika madukani mwaka 2007, kila programu ina kiwango chake cha sauti. Kivinjari kinaweza kuwa kimenyamazishwa peke yake huku vingine vyote viko sawa. Ndani ya kivinjari nako tovuti moja inaweza kuwa imenyamazishwa. Kwa hivyo jaribu sauti kwa programu mbili tofauti kabla ya kuhukumu.

3. Chunguza shimo la hedifoni. Mashimo mengi ya milimita 3.5 yana swichi ndogo ndani inayoiambia laptopu "waya umeingia". Vumbi au kutu ikiibana swichi hiyo, mashine inaamini una hedifoni za waya hata kama hakuna kitu, na inazifunga spika. Ingiza waya na kuutoa mara kumi kumi. Puliza. Kwa laptopu zile zilizotumika Uingereza zikaletwa huku, ambazo ndizo wengi wetu tunazomudu, shimo hilo limeingizwa waya na watu usiowajua kwa miaka mingi. Lishuku mapema.

4. Washa upya huduma ya sauti. Kwenye orodha ya huduma za Windows kuna moja iitwayo Windows Audio. Iguse, uiwashe upya. Ni sawa na kumwamsha mlinzi aliyelala getini.

5. Sasa ndiyo uje kwa draiva. Wakati mwingine sasisho la Windows huleta draiva ambayo haipatani na mashine yako. Ndani ya Device Manager unaweza kurudi kwenye draiva ya awali, au kuchagua ile ya jumla ya Microsoft iitwayo High Definition Audio Device. Mara nyingi hiyo ya jumla huirudisha sauti, hata kama unapoteza mapambo ya kampuni iliyotengeneza mashine.

6. Mwisho kabisa, flashi ya Linux. Pakua Ubuntu, iweke kwenye flashi, iwashe laptopu kutoka humo, chagua kuijaribu bila kuisakinisha. Diski yako haiguswi. Sauti ikitoka, umethibitisha kwamba spika, chipu na nyaya ni nzima na ugonjwa uko kwenye Windows. Isipotoka, hujathibitisha kwamba chipu imekufa, kwa sababu kuna laptopu mpya ambazo Linux bado haijazizoea. Lakini ikitoka, hakuna fundi atakayekuuzia kadi ya sauti.

(Wenzangu wa Linux, msicheke sana. Fungueni alsamixer muone kama kuna MM chini ya nguzo fulani. Maana yake ni kwamba imenyamazishwa. Tuna vituo vyetu na makanga wetu, tunajuana.)

Hatua tano za kwanza hazifiki dakika ishirini. Ya sita inataka flashi moja ambayo fundi akishaitengeneza ataitumia kwa wateja wote. Kufomati kulichukua saa mbili na ushee. Nani alikuwa na haraka hapo?

Kuna ugonjwa wa pili wa hedifoni zisizo na waya ambao nao hupelekwa kufomatiwa bila hatia, kwa hivyo niuseme hapa hapa. Unasikiliza muziki, sauti ni tamu. Unaingia mkutano wa mtandaoni, ghafla kila kitu kinasikika kama simu ya kibanda ya zamani, na muziki nao umeharibika. Hedifoni zako hazina kosa. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Moja inaitwa A2DP. Ni ya stereo na inasikika vizuri, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka laptopu kuja masikioni. Nyingine inaitwa HFP, iliyobuniwa kwa ajili ya simu. Hiyo inabeba sauti pande zote mbili, lakini kwa unyonge. Ya zamani huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, iliyoboreshwa 16,000, wakati CD ya muziki ni 44,100. Programu ya mkutano ikitaka maiki ya hedifoni, laptopu inahama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, na haikuambii.

Ndiyo maana Windows 10 inazionyesha hedifoni zile zile mara mbili, moja imeandikwa Stereo na nyingine Hands-Free. Watu wanadhani ni hitilafu, wanachagua yoyote. Ukichagua ile ya Hands-Free kusikilizia muziki, umejiadhibu mwenyewe. Ukichagua ile ya Stereo huku programu nyingine imeshika maiki, unaweza kupata kimya kabisa.

Dawa yake ni hii: ndani ya programu ya mkutano, chagua maiki ya laptopu yenyewe, si ya hedifoni. Hedifoni zitabaki kwenye njia nzuri. Kuna Bluetooth mpya zaidi, LE Audio, inayoondoa kilema hiki, lakini lazima laptopu na hedifoni zote mbili ziwe nayo. Laptopu zetu nyingi za mkono wa pili hazina.

Sasa nawasikia mafundi. Nina marafiki kati yao, na wameshaniambia hoja zao usoni. Niziweke mezani kwa haki.

Hoja ya kwanza: "Wewe una mashine moja na jioni nzima. Mimi nina foleni ya watu kumi, kodi ya kibanda, na mteja anayetaka kuondoka sasa hivi. Kufomati kunatibu magonjwa ishirini kwa mpigo." Ni kweli kunatibu. Lakini hesabu saa mbili za kufomati, kuweka programu upya na kutafuta draiva, uziweke kando ya dakika ishirini za kuuliza. Foleni ingesonga haraka zaidi. Hoja hii ya muda ni mazoea tu yaliyovaa koti la biashara.

Hoja ya pili ina uzito kuliko ya kwanza: "Nikimwambia mteja nimezima Bluetooth tu, atanilipa nini? Atasema nimemwibia. Nikifomati, ananiona nimefanya kazi."

Hapo, ndugu msomaji, fundi ametushika pabaya. Hilo ni kosa letu mimi na wewe. Sisi tunalipa kwa jasho tunaloliona na kipuri tunachokishika. Hatulipi kwa akili. Daktari akikupima akakwambia huna malaria, unalipa bila kinyongo na unashukuru Mungu. Fundi akikupima laptopu akakwambia ni nzima, unataka kuondoka bure. Kama hatutaki kuuziwa kufomati, ni lazima tukubali kununua uchunguzi. Mia tatu ya kuambiwa ukweli ni rahisi kuliko elfu mbili ya kufutiwa vitu.

Hoja ya tatu: "Mteja angeweka nakala ya vitu vyake." Ndiyo, angeweka. Mimi nahubiri nakala kila mwaka hapa. Lakini hii si hoja ya anayefuta. Mwenye nyumba kukosa bima hakumpi mtu ruhusa ya kuwasha kiberiti. Na aliyeshika kiberiti ndiye anayepaswa kujua moto unafika wapi. Mteja hajui kwamba Word ina folda iliyofichwa. Fundi ndiye anayetakiwa kujua, na kama hajui, basi asiseme "nimekutolea kila kitu muhimu."

Kuna jambo jingine tunalipita haraka haraka. Dada huyu anashika sauti za watu: mahojiano, mikutano ya kampuni, mambo ya siri. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Lakini kwa sababu ya hedifoni zilizosahaulika mkobani, alimpa mtu asiyemjua nywila yake na diski yenye sauti za wateja wake, akaiacha mezani kwa saa mbili. Kila "tufomati" isiyo ya lazima ni mlango uliofunguliwa bila sababu.

Nimewapiga mafundi, nimewapiga wateja. Sasa zamu ya watu wangu, sisi tunaoandika programu, na hapa sitakuwa mpole.

Fundi na dada walidanganywa na skrini. Skrini iliandika kwamba hedifoni "zimeunganishwa", kiwango cha sauti kikaonyesha 100, video ikaendelea kukimbia kama vile kuna mtu anaisikia. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli, na ukivijumlisha vyote vilikuwa uongo. Mashine ilijua sauti inakwenda wapi. Ilikuwa na jina la kifaa. Iliamua kulificha chini ya kishale kidogo ambacho mtu lazima ajue kukibofya.

Najua jinsi mambo haya yanavyoandikwa, kwa sababu nami nimeyaandika. Mwandishi wa programu anafika mahali panapoweza kushindikana, ni saa nne usiku, anajiambia "ikishindikana, endelea tu kimya kimya." Programu haianguki, wakubwa wanafurahi, tunaenda nyumbani. Ule ukimya tunauita ulaini. Mtumiaji anauita kifo cha Windows. Nimewahi kuandika programu ambayo ilipokosa kifaa cha sauti haikusema neno, ikaendelea kuzungusha kiduara. Sikujali, kwa sababu kwenye meza yangu kifaa kilikuwepo siku zote.

Ingegharimu nini sentensi moja kwenye skrini: "Sauti inatumwa kwenye hedifoni zako. Unataka spika?" Sentensi moja tu! Lakini badala yake, kwa miaka mingi tumeongeza njia za sauti na kupunguza alama za barabarani. Apple iliondoa shimo la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingine zikafuata, na watu wakahamishiwa Bluetooth bila kuelezwa kwamba sasa sauti yao ina barabara mbili, betri yake, na kumbukumbu yake ya nani iliunganishwa naye jana. Waya haukuwa na mambo hayo. Waya ukiwa umechomekwa unauona. Ukiwa umechomoka unauona. Hata mtoto anaweza kuufuata kwa kidole kutoka sikioni hadi kwenye mashine.

Sisemi turudi kwenye waya wote. Nasema kwamba tukiondoa kitu ambacho jicho liliweza kukifuata, tuna deni la kuweka kingine mahali pake. Deni hilo hatujalipa, na bili inapelekwa kwa akina dada wa Ziwani.

Basi nimalizie kwa madai, kwa sababu kulalamika bila kudai ni kuimba tu.

Fundi: usiguse diski ya mtu mpaka uwe umezima Bluetooth, umesoma jina la kifaa cha sauti, na umejaribu flashi. Ukifika mahali pa kufomati kweli, nakili folda nzima ya mtumiaji pamoja na zilizofichwa, si uso wa skrini tu. Na mwambie mteja ugonjwa ulikuwa nini. Kama huwezi kuutaja, hujautibu.

Mteja: ukisikia "tufomati" ndani ya dakika tano za kwanza, funga laptopu, sema asante, ondoka. Ukisikia "subiri niangalie kwanza", kaa. Na huyo mlipe, hata kama amebonyeza kitufe kimoja tu. Umelipia kujua ni kitufe kipi.

Mwandishi mwenzangu wa programu: mahali popote ulipoandika "endelea kimya kimya", rudi leo ukaweke sentensi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya chako hausikiki ofisini kwako, unasikika kwenye kibanda cha fundi, diski ya mtu ikifutwa.

NYONGEZA: Mmoja aliyesoma rasimu ameuliza dada anaendeleaje. Amenunua hedifoni za waya za bei ya kawaida kwa ajili ya kazi. Zile za Bluetooth ni za muziki jikoni. Tumeitafuta ile folda iliyofichwa ya Word, na sasa kila Ijumaa anainakili kwenye flashi. Orodha yake ya vifupisho anaijenga upya, kifupisho kimoja kimoja. Mia mbili na kitu hadi jana jioni. Miaka mitatu hairudi kwa wiki tatu.

Ni hayo tu kwa leo. Chai yako imepoa.